Rottweiler wa kilo 58 amekata kano ya goti: akatwe mfupa, afungwe nailoni, au aachwe?

Swali kwa ufupi: msomaji wa Jinja ana Rottweiler dume wa miaka mitano, kilo 58, mnene hadi mbavu hazishikiki, jina lake Komando, mlinzi wa nyumba na stoo. Wiki sita zilizopita aliruka kutoka kwenye pikapu, na tangu siku hiyo anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Daktari wa kwanza amesema kano ya goti imekatika, afungwe kwa uzi wa nailoni. Wa pili, wa Kampala, anataka kuukata mfupa na kuweka bamba la chuma. Jirani anasema apumzishwe tu, atapona mwenyewe. Kwa sasa askari wa getini anampa kidonge cha diklofenaki asubuhi na jioni. "Daktari, nifuate lipi? Na je, atarudi kazini, atapanda tena pikapu?"

Ndugu yangu, goti litasubiri kidogo, diklofenaki haisubiri. Isimamishe leo, na umwambie askari wewe mwenyewe, usimtumie mtu. Dawa hiyo tunayoimeza sisi kwa mgongo na meno, kwa mbwa inachimba vidonda tumboni na kuumiza figo, hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Ibuprofeni nayo ni vivyo hivyo. Angalia kinyesi chake: kikiwa cheusi na cha kunata, au akitapika, au akisusa chakula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kila daktari atakayemshika mtajie kwamba amekuwa akipewa. Dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, ni za ukoo mmoja na diklofenaki, na hazifai kuanzwa mpaka zipite siku tano hadi saba. Katikati hapo daktari anaweza kumtuliza kwa dawa za aina nyingine. Sindano ya deksamethasoni ikatae kabisa. Kuna wanaoichoma kila wanapoona mnyama anachechemea. Juu ya diklofenaki inaweza kulitoboa tumbo.

Sasa goti. Ndani yake kuna kano mbili zinazopishana msalaba. Ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi, ule ulio chini ya goti, usichomoke kwenda mbele kila mbwa anapokanyaga. Mchezaji wa mpira huikata kwa tukio moja: kakanyaga vibaya, goti limejisokota, basi. Kwa mbwa mkubwa mambo huwa tofauti. Kano yake huchakaa polepole kwa miezi, nyuzinyuzi zikiachia kidogo kidogo, na ile siku ya pikapu ilimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza. Kwa hiyo usimlaumu dereva. Ila ujue kwamba ugonjwa ni wa mbwa mzima, hauko kwenye mguu mmoja: karibu nusu ya mbwa wanaokata kano hii huja kuikata na ya mguu wa pili, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukipanga fedha, panga ukijua hilo.

Jambo la pili ni umbo la mfupa. Kichwa cha muundi wa mbwa hakiko sawa kama cha binadamu, kina mteremko wa digrii 25 hivi kwa wastani. Mbwa akikanyaga, mfupa wa paja unateleza kurudi nyuma kwenye mteremko huo kama gari lililoegeshwa kilimani, na kano ndiyo breki ya mkono. Breki imekatika. Ukilielewa hili, tofauti kati ya madaktari wako wawili itakuwa wazi: mmoja anataka kufunga breki nyingine, mwingine anataka kukisawazisha kilima.

Kabla ya kuamua kati yao, hujaniambia walijuaje kwamba ni kano. Kumtazama mbwa akichechemea hakutoshi. Daktari humlaza ubavu, mara nyingi kwa dawa ya usingizi mwepesi, maana Rottweiler aliyekaza misuli hakuna mkono utakaoshinda goti lake. Kisha hushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine na kuuvuta muundi mbele. Muundi ukichomoka, kano haipo. Halafu inakuja picha ya eksirei. Kano yenyewe haionekani kwenye picha, lakini maji yaliyojaa kwenye kiungo yanaonekana, na vijiota vya mfupa pembezoni pia. Wewe dai picha kwa sababu nyingine kabisa: Rottweiler ni miongoni mwa aina za mbwa zinazopatwa sana na saratani ya mifupa, na saratani hiyo inapenda kukaa karibu na goti. Miaka mitano ni umri mdogo kwa ugonjwa huo, lakini si mdogo mno. Mbwa anaweza kufungwa nailoni kwenye goti zima kabisa huku kinachomuuma kiko sentimita chache juu yake. Wakati yuko mezani, wapige picha na nyonga zote mbili.

Kisha damu. Hapa kwetu kupe hawana msimu wa kupumzika, na huyu kupe wa kahawia wa mbwa analeta homa ya erlikia na ya babesia. Erlikia inaweza kuvimbisha viungo, mbwa akachechemea leo mguu huu, kesho ule. Kilicho kibaya zaidi, inashusha chembe za kugandisha damu. Mbwa wa namna hiyo ukimpasua goti, damu haikatiki. Nimewahi kuona watu wakiahirisha upasuaji kwa mwezi mzima wakilalamika kwamba daktari anawazungusha, kumbe daktari alikuwa anamtibu mbwa kwa doksisaiklini siku 28 ili asimfie mezani. Daktari anayetaka kumpasua Komando bila kuhesabu chembe za damu na bila kupima ini na figo, mkimbie, hata kama bei yake ni nzuri. Ini nalitaja kwa makusudi: nyumba nyingi za ulinzi hulisha mbwa posho, yaani ugali wa mahindi, ya bei rahisi, na mahindi yaliyopata ukungu yana sumu inayoharibu ini taratibu. Ini bovu halimudu dawa ya nusukaputi wala kutengeneza vya kugandisha damu.

Tukubaliane kwamba ni kano kweli, na damu ni safi. Sasa tuwasikilize watu wako watatu.

Jirani yako hajakosea moja kwa moja. Mbwa wadogo wa chini ya kilo 15 wengi hurudi kutembea vizuri kwa kupumzishwa. Kwa wakubwa hesabu inageuka. Utafiti wa Marekani wa 1984, ambao mpaka leo tunaurejea, ulifuatilia mbwa wasiopasuliwa: wa chini ya kilo 15 walipata nafuu kiasi cha 6 katika kila 7, wa juu ya hapo ni karibu mmoja kati ya watano tu. Utafiti wa baadaye, wa 2013, ulifanywa kwa mbwa wakubwa wanene waliopunguzwa uzito kwa ukali na kupewa mazoezi ya viungo. Baada ya mwaka mmoja, wasiopasuliwa waliokuwa vizuri walizidi nusu, waliopasuliwa walikuwa robo tatu hivi. Kwa hiyo kama fedha haipo kabisa, miezi mitatu au minne ya kufungwa, kupunguza kilo na dawa sahihi ya maumivu ni tiba, usione haya. Lakini "kupumzishwa" kwa maana ya jirani, yaani kuachwa kwenye kompaundi apendavyo, hakumo katika utafiti wowote.

Uzi wa nailoni ni upasuaji wa zamani na wa heshima. Uzi mnene unazungushwa nyuma ya mfupa wa paja, unapitishwa kwenye tundu lililotobolewa mbele ya muundi, unakazwa nje ya kiungo. Ninyi wa ziwani mtacheka: nailoni iliyotumika miaka mingi ilitoka kwenye uvuvi wa samaki wakubwa, ikachemshwa kwa mvuke wa shinikizo hadi ikawa safi kwa upasuaji. (Hii isikufanye ununue uzi sokoni Masese.) Uzi wenyewe haukusudiwi kudumu. Baada ya miezi utalegea au kukatika. Kazi yake ni kushikilia goti mpaka mwili ujenge kovu nene kulizunguka, na kovu hilo ndilo litakaloshika baadaye. Kwa mbwa wa kilo 20 hufanya kazi vizuri. Kwa dume wa kilo 58 anayerukia geti kila boda inapopita, uzi mara nyingi hulegea kabla kovu halijakomaa.

Kukata mfupa, upasuaji ambao utasikia wakiuita TPLO, ulibuniwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Barclay Slocum, na kuandikwa rasmi 1993. Kichwa cha muundi kinakatwa kwa msumeno wa duara, kinazungushwa mpaka ule mteremko wa digrii 25 ubaki kama digrii tano, kisha bamba na skrubu vinakishikilia mfupa uunge. Kano hairudishwi, haihitajiki tena. Kwa mbwa wakubwa wenye nguvu, matokeo yake yameonekana kuwa bora kuliko uzi: mbwa anaanza kuukanyagia mguu mapema na anaukanyagia kwa nguvu zaidi mwaka mmoja baadaye. Upo na wa tatu, TTA, uliotoka Zurich, ambao unasogeza mbele mahali kano ya pia ya goti inaposhika. Ni mzuri, lakini kama hujaambiwa kuna anayeufanya karibu nawe usijisumbue nao.

Kwa hiyo kwa mbwa wako, kwenye karatasi, mimi niko na daktari wa Kampala. Naongeza neno "kwenye karatasi" kwa sababu uzi uliofungwa na mkono uliozoea ni bora kuliko bamba lililowekwa na anayejifunza kwako. Bamba likishindwa, mfupa umeshakatwa, na huwezi kurudi nyuma. Muulize bila aibu: amewafanyia upasuaji huu mbwa wangapi wa zaidi ya kilo 40, na wa mwisho alikuwa lini? Bamba na skrubu za milimita 3.5 anazo mkononi au ataziagiza akishakupa tarehe? Je, ataupima mteremko kwenye picha kabla? Atalifungua goti au kulichungulia aione gegedu yenye umbo la mwezi mchanga, ule mto laini ulio kati ya mifupa miwili? Hili la mwisho usiliruke. Gegedu ya upande wa ndani hupasuka kwa mbwa wengi waliokaa wiki kadhaa na goti linalocheza, na Komando ana wiki sita. Ikiachwa imepasuka, mbwa ataendelea kuchechemea hata mfupa ukiunga vizuri kabisa, na wewe utasema upasuaji ulikuwa wa uongo. Muulize pia nani atalala na mbwa usiku wa kwanza, na bamba likipata usaha nani atagharamia kulitoa. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Hakikisha vilevile amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda. Koti jeupe kila mtu anaweza kushona.

Kama majibu hayakuridhishi, uliza chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere wakuelekeze kwa mtu mwenye mkono. Wapo wanaovuka Busia au Malaba hadi Nairobi. Inawezekana, lakini utahitaji cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha kusafirisha mnyama, na utarudi tena kwa picha ya wiki ya nane. Bei sitakutajia. Omba hesabu kwa maandishi inayojumuisha damu, picha za kabla na za baada, dawa za nyumbani, na marudio.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wewe hukuniuliza, nami naliona ndilo litakaloamua. Kama huwezi kumfungia mbwa huyu wiki kumi na mbili, usilipie upasuaji wowote. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu mlinzi wa stoo kila mtu anamhitaji awe nje. Tafuta mbwa wa kuazima, ongeza askari, fanya ufanyavyo, lakini Komando hayuko kazini.

Mwandalie mahali kabla hajapasuliwa. Chumba kidogo cha stoo au banda la hatua mbili kwa mbili, mbali na geti, asikoona wapita njia. Sakafu ya vigae na teraso ni adui. Tandika mipira ya sakafuni ya gari au zulia kuukuu lisilohama. Mikeka inateleza, iache. Ziba mlango mpaka juu: jike wa jirani akiingia joto, dume mwenye mshono wa siku kumi atapanda ukuta, na hapo skrubu zitang'oka. Wiki mbili kabla, mzoeze kukaa humo na kuvaa kola ya plastiki, ili siku yenyewe asipigane na kila kitu kwa wakati mmoja.

Siku ya kumrudisha kutoka Kampala, mlaze ndani ya gari, asikae nyuma ya pikapu, na dereva apite matuta ya barabarani msituni Mabira taratibu. Ikiwezekana alale huko usiku mmoja. Siku tatu za kwanza, weka barafu iliyofungwa kwa taulo juu ya goti dakika kumi au kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Siku ya tatu hadi ya tano utaona uvimbe umehamia chini kwenye kifundo. Ni maji yanayofuata mteremko, yatakwisha. Kola isivuliwe usiku hata akikutazama kwa huruma namna gani. Ulimi wa mbwa hausafishi mshono, unaufungua. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Kujisaidia atoke kwa kamba fupi, dakika tano, taulo limepitishwa chini ya tumbo mtu wa pili amelishika, kisha arudi ndani.

Ndani ya siku chache utamwona anagusisha vidole chini. Wiki ya tatu anakanyaga. Wiki ya nne anakuvuta, anabwekea kila kitu, na nyumba nzima inaanza kusema maskini, mfungue, si amepona? Hapo ndipo kazi huharibika. Maumivu yameisha, mfupa bado. Utaunga wiki ya nane hadi ya kumi na mbili, na picha ya eksirei ndiyo itakayosema. Macho ya watu wa nyumbani hayaoni mfupa. Mpaka siku hiyo ni matembezi ya kamba tu, ya polepole mno: dakika tano mara tatu kwa siku, ukiongeza dakika chache kila wiki, hadi ishirini kufikia wiki ya nane. Polepole ni muhimu, kwa sababu akikimbiakimbia ataukunja mguu na kurukia mitatu. Toka wiki ya nne ongeza zoezi la kukaa na kusimama, mara tano hivi, asiache goti litoke upande. Baada ya picha nzuri, miinuko myepesi ya kupanda kutoka Mto Nile itamrudishia misuli ya paja iliyonywea. Kukimbia bila kamba ni mwezi wa nne. Kazi ya usiku, mwezi wa tano au wa sita.

Mguu ambao ulikuwa unakanyagiwa ukaachwa ghafla, goti linalowaka moto, mshono unaotoa maji, au mlio wa "tak" anapotembea miezi baadaye: lolote kati ya haya ni la kupiga simu siku hiyo hiyo. Mlio mara nyingi ni ile gegedu.

Kilo zake ni nyingi. Dume wa Rottweiler mwenye mwili wa wastani hukaribia kilo 50, na kwa Komando umesema mbavu hazishikiki. Mbwa aliyefungwa hahitaji sinia lile lile. Punguza posho kwa theluthi, mukene (dagaa) ibaki, ongeza mboga kama kabeji iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, na makombo ya askari yakome. Pima kila wiki mbili kwenye mizani ya stoo yako. Ikishuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Hili linasaidia goti la pili kuliko kidonge chochote nitakachokuandikia, na anza nalo sasa, kabla hata hujachagua daktari.

Kazini atarudi. Baridi yabisi ya goti hilo haiepukiki hata kwa upasuaji bora, itaenda polepole tu, kwa hiyo asubuhi za mvua utamwona ameamka mgumu dakika chache. Kubweka, kuzunguka ua, kusimama mbele ya mtu asiyemjua, hayo yote atayaweza. Pikapu apande, lakini mwagize fundi seremala ubao wa mita mbili na nusu wenye vipande vya kuzuia utelezi, umfundishe kuupanda na kuushuka tangu akiwa bado kwenye kamba, na dereva asifungue mlango wa nyuma kabla ubao haujawekwa.